Roboti ya Mheshimiwa na Utepe wa Zahanati

Jumatatu, tarehe tatu, mwezi wa tatu, mwaka 2031, saa nne kamili asubuhi, Serikali ya nchi yetu iliuhutubia Mwezi.

Nchi yenyewe sitaitaja. Wananchi wake hawapendi kutajwa, na viongozi wake hupenda kutajwa pamoja na vyeo vyao vyote, jambo ambalo lingemaliza karatasi kabla hadithi haijaanza. Itoshe kusema kwamba ni nchi yenye amani, bendera na semina nyingi.

Huko Mwezini ilikuwa imesimama roboti yetu, iliyopelekwa na chombo cha nchi rafiki pamoja na mizigo mingine. Roboti hiyo haikuwa na akili yake; ilikuwa na mtu wake. Mtu huyo huketi hapa duniani, amevaa glavu zenye nyaya na miwani mizito inayomwonyesha yote yaliyo mbele ya roboti. Akiinua mkono, roboti nayo huinua mkono. Akisema, roboti husema. Serikali ilinunua roboti kumi na mbili za aina hiyo kwa ajili ya kazi za anga, na hiyo moja ilitangulia kwenda kuweka jiwe la msingi la Ofisi ya Kata ya Mwezini.

Hakuna jambo ambalo lingeweza kufanyika kabla ya hotuba ya mgeni rasmi. Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Kingalu Mtamba, Waziri wa Anga, Maendeleo na Mengineyo.

“Ndugu wananchi,” alisema, “wapo watu ambao wakisimama hapa husema ‘itifaki imezingatiwa’, kisha huanza kuhutubia. Huo ni uvivu. Mimi nitawatambua wageni wote, mmoja baada ya mwingine.”

Akawatambua. Aliwatambua mawaziri, manaibu wao, wake zao, na wazazi wa wake zao. Aliwatambua viumbe wa Mwezini, “ambao bado hawajajitambulisha, lakini tunaamini wapo na wanatusikiliza kwa makini.” Jioni aliomba maji, akapumzika, na kesho yake akaendelea. Ikumbukwe kwamba roboti ile ilitumia nguvu za jua, na kwamba usiku wa Mwezini ni mrefu kuliko likizo ya mtumishi. Utambulisho ulipofika kwa wenyeviti wa vijiji, jua likazama kule juu. Roboti ikaganda kwa baridi ikiwa imeshika mwiko wa uashi, na haikuamka tena.

Serikali haikufadhaika. Ilitangaza kwamba roboti hiyo imestaafishwa kwa manufaa ya umma.

*

Zilibaki roboti kumi na moja, na hapakuwa na chombo cha kuzipeleka popote. Ndipo Mheshimiwa Mtamba alipopata wazo lililomjengea jina. Alisema kwamba kama roboti inaweza kumwakilisha mtu Mwezini, ambako hakuna hewa, itashindwaje kumwakilisha kwenye Baraza la Mawaziri, ambako ipo kiasi? Waziri angeketi nyumbani kwake, avae glavu na miwani, na roboti ingekwenda mkutanoni ikiwa imevaa suti na tai. Mitambo ilitengenezwa ili kila anayesema asikike kwa sauti ya waziri mwenyewe.

Mawaziri kumi na mmoja wakagawiwa roboti kumi na moja. Furaha ilikuwa kubwa hadi siku ya kuvaa glavu, kwa sababu hapo paligunduliwa tatizo la kikanuni. Kuinua mkono, kuushusha, kugeuza shingo na kukunja magoti ni kazi ya mikono, na mtumishi wa ngazi ya waziri haruhusiwi kufanya kazi ya mikono isipokuwa siku ya kupanda miti, tena mbele ya kamera. Kwa hiyo waziri alimkaimisha katibu mkuu. Katibu mkuu, ambaye naye alikuwa na hadhi yake, alimkaimisha mkurugenzi. Mkurugenzi alimkaimisha mkurugenzi msaidizi, naye akamkaimisha afisa mwandamizi, na afisa mwandamizi akamkaimisha afisa wa kawaida, ambaye wakati huo alikuwa safarini kwenye semina ya kukaimu.

Jukumu liliteremka ngazi moja baada ya nyingine mpaka likafika mahali ambapo mitambo yenyewe ilikuwa imefungwa, nako ni kwetu, Kata ya Mwisho wa Lami. Mitambo ililetwa kwetu kwa sababu darasa letu la kisomo cha watu wazima ndilo jengo pekee la umma nchini lenye umeme usiokatika. Tuliwekewa sola na wafadhili ambao hawakujua kwamba ilipaswa kwanza wapeleke maombi. Serikali ilipoona taa zetu zinawaka, ilitupongeza, ikachukua darasa, sisi ikatupa veranda.

Ngazi ya mwisho kabisa ilikuwa Fundi Sekiete. Alikuwa mtu mmoja, mwenye mikono miwili, naye alikuwa akikaimu mawaziri kumi na mmoja. Baraza lilipokaribia kuanza, alitoka darasani, akatujia verandani akitokwa jasho.

“Mama zangu,” alisema, “nisaidieni. Mko wangapi leo?”

“Kumi na mmoja,” akajibu Bibi Kabula, mkubwa wetu kwa umri na kwa mdomo. “Lakini tuko kwenye somo. Hatujamaliza habari ya panya na paka.”

“Panya na paka watasubiri, bibi. Vaeni glavu hizi. Mkiulizwa, semeni ‘naunga mkono’.”

Hivyo ndivyo tulivyoanza kuongoza nchi. Hatukukatazwa kumwambia mtu. Hakuna aliyetuuliza.

*

Sasa lazima nieleze habari ya zahanati, kwa kuwa ndiyo iliyotuletea mambo yote.

Jirani na darasa letu kuna zahanati. Wakati huo ilikuwa imejengwa, imepigwa rangi, imeletewa vitanda ambavyo bado vilikuwa ndani ya nailoni, na ilikuwa na muuguzi aliyepangiwa kazi, Bi Ruhundwa. Kitu kimoja tu kilikosekana: haikuwa imezinduliwa. Mlangoni palifungwa utepe mwekundu ukimngoja mgeni rasmi. Waraka wa Serikali unaeleza bayana kwamba jengo la umma ambalo halijazinduliwa halijakuwapo, na anayeingia ndani yake hajaingia mahali popote. Jua lilipoupausha utepe, ulinunuliwa mwingine. Uliponyeshewa, ukanunuliwa wa tatu, na akaajiriwa Mlinzi wa Utepe, mwenye sare na filimbi. Bi Ruhundwa alikuwa akiripoti kazini kila asubuhi na kuketi kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango, akiwaelekeza wagonjwa hospitali ya wilaya, ng’ambo ya mto.

Mgeni rasmi aliyepangwa alikuwa Mheshimiwa Mtamba, ambaye pia ndiye mbunge wetu. Alikuwa ameahirisha kuja mara nyingi, na kila alipoahirisha tuliandikiwa barua nzuri ya kutupongeza kwa uvumilivu.

Katika darasa letu alikuwamo Mama Nyamizi, mwanamke mpole, anayeandika kwa herufi kubwa zilizonyooka. Binti yake mkubwa, Minza, alishikwa na uchungu wakati wa masika. Walimbeba kwenye machela kuelekea wilayani. Mto ulikuwa umejaa. Minza hakufika, na mtoto wake hakufika. Njiani waliipita zahanati, na taa ya nje ilikuwa inawaka ili utepe usiibwe.

Sasa mdogo wake, Nyamizi, alikuwa na mimba kubwa, na masika yalikuwa yamerudi.

Mama Nyamizi hakuwa akisema mengi kuhusu jambo hilo. Lakini kila mvua ilipoanza kupiga bati, aliacha kuandika.

*

Kwa mgawo wa Fundi Sekiete, Bibi Kabula alikuwa Waziri wa Fedha. Mama Nyamizi alikuwa Mheshimiwa Mtamba. Mimi nilikuwa Waziri wa Kilimo, na sitasema zaidi kwa sababu nchi bado inakula.

Siku ya kwanza tuliunga mkono kila kitu. Siku ya pili liliwasilishwa pendekezo la kununua viti vipya vya ukumbi. Bibi Kabula alisahau maelekezo.

“Viti vya zamani vimekwenda wapi?” aliuliza. Na kule Makao Makuu, roboti yenye suti iliuliza vivyo hivyo, kwa sauti nzito ya Waziri wa Fedha.

Kesho yake viti vya zamani vikaonekana, vingine vikiwa vimelowa mchuzi wa harusi.

Siku nyingine mtaalamu mmoja alieleza kwamba mbolea ya wakulima italetwa baada ya mavuno, kwa mujibu wa ratiba.

“Basi na chumvi uwe unatia ukishamaliza kula,” nikamwambia. Aliandika maneno hayo kama agizo la Waziri, na mbolea ikaja mapema.

Hatukufanya maajabu yoyote. Tulimaliza vikao kabla ya saa sita kwa sababu tulikuwa na vyungu jikoni. Hata hivyo magazeti yaliandika kwa wino mwekundu: MAWAZIRI WAPEVUKA. Mkuu wa Nchi aliwatunukia mawaziri wote Nishani ya Usikivu, Daraja la Kwanza, na siku hiyo walikwenda wenyewe, kwa miguu yao, kwa sababu nishani haikaimishwi.

Kisha ikafika Alhamisi ya mvua kubwa. Afisa Itifaki, Bwana Ndimbo, ambaye alizoea kuisomea roboti ya Mheshimiwa Mtamba ratiba ya wiki, alisoma haraka haraka kama mtu anayepiga mswaki:

“Uzinduzi wa zahanati, Kata ya Mwisho wa Lami. Kuahirishwa kama kawaida.”

Darasani, Mama Nyamizi aliinua mkono.

“Hapana,” alisema. “Nitakwenda.”

“Mheshimiwa?”

“Nimesema nitakwenda. Kesho.”

“Lakini Mheshimiwa, barabara ya kule ni mbaya sana.”

“Ubaya wake naujua, mwanangu.”

Bwana Ndimbo hakuwahi kuitwa mwanangu na Waziri. Wanasema aliondoka akifuta macho, akaandaa msafara wa magari tisa.

“Mama Nyamizi,” Fundi Sekiete akanong’ona, “unataka kunifungisha?”

“Fundi, wewe ulisema tuvae glavu. Hukusema tukishavaa tuwe wajinga.”

“Mwache,” Bibi Kabula akadakia. “Waziri wa Fedha anaunga mkono.”

*

Ijumaa asubuhi Nyamizi alishikwa na uchungu.

Mto ulikuwa umefurika na daraja la miti lilikuwa limekwenda na maji tangu alfajiri. Hivyo Bi Ruhundwa aliamuru alazwe kwenye mkeka, kwenye ukumbi wa nje wa zahanati, hatua chache kutoka kwenye vitanda ambavyo bado havikuwapo kisheria. Msafara wa Mheshimiwa, kwa bahati, ulikuwa ukitokea upande wa Makao Makuu, ambako hakuna mto. Ulifika saa tatu. Roboti iliteremka ikiwa na suti ya kijivu na nakala ya nishani kifuani.

Mama Nyamizi alikuwa ng’ambo ya uwanja, ndani ya darasa, amevaa miwani na glavu. Kupitia macho ya Waziri alimwona mtoto wake mwenyewe akijikunja kwenye mkeka. Kwa masikio yake mwenyewe, kupitia dirishani, alimsikia akiita, “Mama! Mama yuko wapi?”

“Nenda kwake,” nikamwambia. “Nitavaa mimi.”

“Ukizima kubadilisha, itachukua muda kuwaka tena,” alisema Fundi. “Hivi ndivyo mitambo ilivyo. Wakiona Waziri amezimika, wataahirisha.”

Mama Nyamizi hakuvua.

Uwanjani, Bwana Ndimbo alikuwa ameshika kipaza sauti. “Sasa namwita Mkuu wa Wilaya aje kuwatambua wageni.” Mkuu wa Wilaya, aliyekuwa amevuka mto tangu jana yake, akatoa karatasi kutoka mfuko wa kulia, kisha nyingine kutoka mfuko wa kushoto. Kwaya ya watumishi ilikuwa inajipanga. Risala ilikuwa imewekewa fremu. Mtoto mwenye shada la maua alikuwa amesinzia.

Nyamizi akapiga ukelele.

Roboti ya Mheshimiwa ikainuka kwenye kiti cha enzi. Ikampita Mkuu wa Wilaya akiwa bado kwenye herufi ya kwanza ya jina lake. Ikapiga magoti kwenye matope, suti na yote, ikamshika Nyamizi mkono.

“Nipo hapa, mwanangu,” ilisema kwa sauti ya Mheshimiwa Kingalu Mtamba, ile ile iliyowahi kuusalimu Mwezi. “Vuta pumzi. Taratibu. Nipo.”

Nyamizi aliitazama ile sura ya plastiki. Sijui alitambua nini. Labda ni namna ile mikono ilivyomkanda mgongo. Alisema tu, “Mama, inauma.”

“Najua. Nyanyuka.”

Roboti ikambeba mikononi kama anavyobebwa mtoto aliyelala, ikaelekea mlangoni. Mlinzi wa Utepe alipuliza filimbi kwa nguvu zake zote.

“Mheshimiwa! Mkasi!” alipiga kelele Bwana Ndimbo, akikimbia na mto wa mahameli wenye mkasi juu yake. “Mheshimiwa, bado mkasi!”

Mheshimiwa hakungoja mkasi. Aliupitia utepe kwa kifua, ukakatika ukamning’inia kwenye nishani, na zahanati ya Mwisho wa Lami ikawapo.

Ndani, Bi Ruhundwa aliyekuwa akiwafuata nyuma aliwapita, akachana nailoni ya kitanda kwa meno. Roboti ilimlaza Nyamizi, ikataka kukaa.

“Wanaume nje!” alisema Bi Ruhundwa.

“Bi Ruhundwa, mimi ni…”

“Hata ungekuwa Waziri. Nje!”

Ikatoka. Ilipofika kizingitini tu, darasani Mama Nyamizi alivua miwani, akatupa glavu juu ya dawati, akakimbia peku kupitia uwanjani na kuingia zahanati, na hakuna kiongozi hata mmoja aliyemwona, kwa kuwa wote walikuwa wakimtazama Waziri. Roboti ilikuwa imezimika palepale mlangoni, kichwa kimeinama, mkono mmoja umeinuliwa. Mkuu wa Wilaya alidhani Mheshimiwa anaomba dua, akainamisha kichwa. Msafara mzima ukafanya hivyo, ukasimama mvuani kwa unyenyekevu mpaka tuliposikia mtoto akilia. Ni msichana.

*

Mheshimiwa Mtamba mwenyewe alijiona kwenye runinga akiwa nyumbani, anakula samaki. Wanasema alijipongeza kwanza, kisha akakumbuka kwamba hakuwa kule.

Hasira yake ilikuwa ya kitaifa. Alitaka zahanati ifungwe, utepe urudishwe, na mtoto atangazwe kuwa alizaliwa mahali pasipokuwapo. Iliundwa tume ya wanasheria. Wakauliza glavu zilivaliwa na nani, wakapanda ngazi zote za kukaimu kutoka kwa Fundi Sekiete hadi kwa Waziri, na kila ngazi waliyoigusa ilikuwa na saini halali. Mwanasheria mkubwa akamweleza Mheshimiwa kwa upole:

“Tukisema uzinduzi ni batili kwa sababu aliyevaa glavu hakuwa wewe, basi na vikao vyote vya Baraza ni batili. Bajeti ni batili. Uteuzi wa shemeji yako ni batili. Na ile nishani, Mheshimiwa, itabidi uirudishe.”

Mheshimiwa alishika kifua chake, mahali pa nishani. Hata hivyo hakushindwa. Aliamua kuja mwenyewe, kwa mwili wake, mara ya kwanza tangu tumchague.

Alifika akiwa ametapika mara mbili njiani. Tulikusanyika kumpokea.

“Mbona leo Mheshimiwa amepauka?” mtu mmoja akauliza.

“Yule wa kwanza alikuwa mchangamfu zaidi,” alisema Bibi Kabula. “Na alikuwa na mikono.”

Mheshimiwa alisimama mbele ya mlango wa zahanati. Ndani kulikuwa na mama wawili waliojifungua, mzee mwenye malaria, na watoto waliokuja kuchanjwa wakilia kwa zamu. Mlangoni alikuwa amesimama Mama Nyamizi, amembeba mjukuu.

“Zahanati hii,” alisema Mheshimiwa, “haikuzinduliwa na mimi. Kwa hiyo naamuru wote waliomo watoke, mpaka utaratibu ufuatwe.”

Hakuna aliyetikisika. Hata Mlinzi wa Utepe, ambaye mwanawe alikuwa kwenye foleni ya chanjo, alitazama pembeni.

“Sawa, Mheshimiwa,” alisema Mama Nyamizi kwa sauti yake ile ya upole. “Utawatoa wewe, au utamkaimisha mtu?”

Mheshimiwa akamtazama Katibu Mkuu. Katibu Mkuu akamtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi akageuka nyuma, na macho yale yakasafiri kutoka kwa mtu hadi kwa mtu mpaka yakamfikia Fundi Sekiete, ambaye wa kumtazama alikuwa amekwisha. Fundi alikohoa.

“Mimi leo niko likizo,” akasema.

Mtoto akapiga chafya. Mheshimiwa Mtamba, akiwa na matope hadi magotini na kamera zikimsubiri, alisogea karibu akanong’ona, na kwa mara ya kwanza nilimwona kama mtu aliyetoka mbali na ana njaa.

“Mama,” alisema, “sasa mimi nitazindua nini?”

Mama Nyamizi alifikiri. Alimkabidhi Bi Ruhundwa mtoto, akaingia ndani, akarudi na kipande cha utepe mwekundu, akazunguka nyuma ya jengo. Huko kuna dirisha dogo la stoo ya mifagio. Akafunga utepe kwenye nondo zake, ncha hii na ncha ile, akaufanyia na ua katikati.

“Hili bado, Mheshimiwa,” alisema.

Kamera zikazunguka nyuma. Kiti cha enzi kikazunguka nyuma. Mheshimiwa aliwatambua wageni wote kwa kirefu, akasifu dirisha, akaeleza faida za hewa, akapewa mkasi juu ya mto wa mahameli, akakata. Tulipiga makofi ya dhati kabisa, maana alikuwa anatia huruma. Upande wa mbele, mama mjamzito kutoka kijiji cha jirani alikuwa anaingia mlangoni akiwa ameshika kiuno, na Bi Ruhundwa anamwambia apite moja kwa moja hadi kitanda cha pili.

Wewe uliyefika hapa, usiikunje karatasi hii ukaiweka chini ya godoro. Mpe jirani yako. Kama hajajifunza kusoma, keti naye umsomee taratibu, naye amsimulie mwingine. Na ikiwa huko kwenu lipo jengo jipya lenye utepe mlangoni na watu wanalala nje, isomeni palepale, kwa sauti, wote wasikie hadi ndani.